"Time" Moja, Kihispania Chake Kingi: Hotuba kwa Wanaojifunza Kutafsiri

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, na nyinyi wenzangu mnaojifunza Kihispania huku kamusi ya Kiingereza iko mkononi, hamjambo?

Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ya kutafsiri. Jambo lenyewe ni pana na nafasi niliyopewa ni finyu, kwa hiyo nimelishika neno moja tu la Kiingereza, tena la kila siku: "time". Mwaka 2006 wachapishaji wa kamusi za Oxford walieleza kwamba katika hazina yao kubwa ya maandishi ya Kiingereza, hiyo ndiyo nomino inayojitokeza kuliko nomino nyingine zote. Imeipita "person", imeipita "year". Anayetafsiri kutoka Kiingereza, basi, hana pa kujificha. Kama hajakutana nalo ukurasa wa kwanza, atakutana nalo wa pili.

Ukifungua kamusi ndogo, jibu la kwanza utakalopewa ni "tiempo". Wengi huishia hapo. Kisha mtu huandika "¿Qué tiempo es?" akidhani ameuliza ni saa ngapi. Msomaji wa Kihispania atakwama. Swali hilo haliulizi saa, na anayetaka kujua hali ya hewa naye haulizi hivyo, yeye husema "¿Qué tiempo hace?" Mwandishi ameuliza kitu ambacho hakipo.

Kiingereza kimelitwika neno hili kazi za maneno mengi. Ukiuliza saa, ni "time". Ukisema huna nafasi ya kumsikiliza mtu, ni "time". Ukisema hujawahi kupanda ndege na leo ndiyo unaanza, ni "time" vilevile. Kihispania hakikubali. Kwa saa kina "hora", kwa nafasi kina "tiempo", kwa safari ya kwanza angani kina "vez". Ukichanganya, sentensi yako haitasikika ya kigeni tu. Itageuka maana, au itakosa maana kabisa.

Sasa zisikilizeni sentensi hizohizo kwa lugha yetu. Ni saa ngapi? Sina muda. Hii ni mara ya kwanza. Saa, muda, mara. Mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili hayachanganyi hayo hata akiwa na usingizi. Kiswahili kimekwisha kuligawa jambo hili, na kimeligawa karibu palepale Kihispania kilipoligawa. "Hora" ni saa, "vez" ni mara, "tiempo" ni muda au wakati. Mwingereza anayejifunza Kihispania hana budi afundishwe kugawa. Wewe ulijua kugawa kabla hujaanza shule.

Kwa nini basi tunakosea palepale anapokosea Mwingereza? Kwa sababu tunajifunza Kihispania kupitia kwake. Kitabu ni cha Kiingereza, programu ya simu ni ya Kiingereza, maelezo ya sarufi ni ya Kiingereza. Tunaiacha njia fupi iliyo nyuma ya nyumba na kuzunguka mtaa mzima. Hoja yangu leo ndiyo hiyo, na yatakayofuata ni ushahidi wake pamoja na mipaka yake: unapokutana na "time", usirukie Kihispania. Jiulize kwanza ungesemaje kwa Kiswahili.

Nianze na saa, maana hapo makosa huonekana haraka. Kiingereza kina maswali mawili yanayotofautiana kwa silabi moja tu, "Do you have time?" na "Do you have the time?" Yule wa kwanza anataka kujua kama una nafasi, wa pili anataka uangalie mkononi umwambie ni saa ngapi. Kihispania hakiachi jambo zito hivyo lining'inie kwenye silabi moja. Husema "¿Tiene tiempo?" kwa la kwanza na "¿Tiene hora?" kwa la pili. Lakini angalieni: nchini Uhispania "tener hora" ni pia kuwa na miadi. "Tengo hora con el dentista" maana yake nina miadi na daktari wa meno. Mexico wangesema "cita".

"Hora" ndiyo inayotumika pia jambo linapofikia saa yake. Kula, kulala, kuondoka: "hora de comer", "hora de dormir", "hora de irse". Mtu aliyesubiriwa mpaka watu wakachoka akitokea mlangoni, Mwingereza husema "about time!" na Mhispania husema "¡Ya era hora!" Hapa Kiswahili chenyewe kinaweza kukuponza, kwa kuwa sisi husema wakati wa kula, wakati wa kulala. Ukishakariri kwamba wakati ni "tiempo" siku zote, utaanguka. Kipimo ninachokitumia ni hiki: kama jambo lina saa yake katika siku, andika "hora", kama lina majira yake katika mwaka au katika maisha ya watu, "tiempo" inaingia vizuri. "Es tiempo de sembrar", ni majira ya kupanda mbegu, hakuna atakayekusuta.

Kuna mitego mingine kwenye saa, na yote ni yetu wenyewe. Saa ya ukutani na ya mkononi si "hora" bali "reloj". "Saa mbili" yetu inaweza kuwa saa ya kuanza mkutano au urefu wa mkutano wenyewe, na msikilizaji hutambua kwa muktadha. Kihispania hutenganisha kwa kibainishi: "a las dos" ni ile inayosomwa kwenye saa, "dos horas" ni urefu. Halafu kuna zile saa sita za tofauti. "A las siete de la mañana" ni saa moja asubuhi, hilo mnalijua. Linalosumbua ni saa za usiku mkubwa. Mwingereza husema "three in the morning" hata kama giza ni nene na jogoo hajawika. Kihispania kina neno la kipindi hicho, kuanzia usiku wa manane hadi kunapopambazuka: "madrugada". "Las tres de la madrugada" ni saa tisa usiku. Atakayeandika "saa tatu asubuhi" ameteleza kwa saa, na kwa kipindi cha siku pia.

Tuje kwenye "vez", neno ninalolipenda kuliko yote matatu. Limetoka kwenye Kilatini, "vicis", lililobeba maana ya zamu, ya kitu kupokezana na kingine. Ukilikumbuka hilo, misemo inayowatesa wanafunzi inafunguka yenyewe. "En vez de" ni badala ya: kitu kimoja kimechukua zamu ya kingine. "A la vez" ni kwa pamoja, zamu moja. "Otra vez" ni mara nyingine, yaani tena. "A veces" ni mara kwa mara zile chache, ambazo sisi huziita pengine au wakati mwingine. "De vez en cuando" ni mara mojamoja. "Tal vez" ni labda, na hapo hakuna hesabu ya mara tena, ila mzizi ni uleule. "Cada vez más" ni ile "kuzidi" yetu: "cada vez más caro", kinazidi kuwa ghali. Hapo mwisho Kiingereza hakitumii "time" hata kidogo, na ndiyo sababu wanaopitia Kiingereza hawaufikii msemo huo kirahisi.

Mara yetu inamtosha "vez" karibu kila mahali, ila kuna pawili pa kuangalia. Kwanza, "mara moja" inaweza kuwa hesabu, "una vez", au inaweza kuwa amri ya haraka, njoo mara moja! Hiyo ya pili ni "enseguida" au "inmediatamente". Pili ni darasa la hesabu. Mbili mara tatu ni sita. Mwingereza naye husema "two times three". Kihispania hapo kinaiweka "vez" kando na kusema "dos por tres son seis". Na hadithi? Sisi tunafungua kwa paukwa, pakawa, au kwa hapo zamani za kale. Kiingereza kina "once upon a time", na Kihispania "había una vez" au "érase una vez". Ukitafsiri hadithi za watoto, usithubutu kuingiza "tiempo" pale mwanzoni. Mtoto wa Kihispania anaisubiri "vez" yake.

"Tiempo" lenyewe lina ukoo mpana. Limetokana na "tempus" la Kilatini, na katika lugha ndugu zake mambo ni hayohayo: Kifaransa, Kiitaliano na Kireno pia hutumia neno moja kwa wakati na kwa hali ya hewa. Kiingereza hutumia "time" na "weather", maneno yasiyofanana hata kwa herufi ya kwanza. Sisi tuko katikati, maana "majira" hugusa pande zote mbili. Tunasema majira ya baridi, na mtangazaji wa habari husema majira ya saa kumi jioni.

Kutokana na hilo huzaliwa kosa moja zuri sana. Watu wametoka kwenye sherehe wameridhika, na kwa Kiingereza wanasema "We had a good time." Mwanafunzi anaandika "Tuvimos buen tiempo." Sentensi imesimama, sarufi haina dosari, na msomaji anaelewa kwamba hakukunyesha. Furaha yote imepotea, limebaki jua. Wahispania husema "lo pasamos bien". Sehemu kubwa ya Amerika ya Kilatini husema "la pasamos bien". Na popote pale unaweza kusema "nos divertimos". Sisi tungesema tumefurahi, au tumestarehe. Hakuna hata lugha moja kati ya hizi mbili, yetu na yao, inayohitaji nomino ya wakati hapo. Kiingereza peke yake ndicho kinachoihitaji.

Mpira wa miguu nao una "tiempo" yake. Kipindi cha kwanza ni "primer tiempo" au "primera parte", cha pili vivyo hivyo. Dakika za nyongeza baada ya sare, Uhispania huziita "prórroga" na nchi nyingi za Amerika husema "tiempo extra" au "tiempo suplementario". Katika sarufi, njeo ya kitenzi huitwa "tiempo verbal". Kwenye mali, Waingereza husema "time is money", maneno ambayo Benjamin Franklin aliyaandika mwaka 1748, na Kihispania hukataa fedha kikachagua dhahabu: "el tiempo es oro". Methali yetu ya wakati ni ukuta haiwezi kuchukua nafasi hapo, kwa sababu haisemi juu ya thamani ya wakati. Inamwonya mtu asishindane nao, na hilo ni jambo jingine.

Sasa nije pale ninapoona kazi halisi ya mtafsiri ilipo. Mara nyingi, tafsiri bora ya "time" haina nomino yoyote. Kitenzi kinaimeza. "It took him a long time to answer": mwanafunzi ataanza kutafuta jinsi ya kusema "ilichukua muda mrefu", na kweli siku hizi tunaandika hivyo hata sisi, mpaka magazetini. Lakini bibi zetu wangesema alikawia kujibu. Kihispania ni hivyohivyo: "tardó mucho en contestar". "Tardar" ni kukawia, neno kwa neno, na mwenye kitenzi cha kukawia kichwani hawezi kukikosa. "How much time does the bus take?" ni "¿Cuánto tarda el autobús?" Kwa kusubiri kuna "llevar", kitenzi ambacho kwa kawaida ni kubeba au kupeleka: "llevo una hora esperando", nimekuwa nikisubiri kwa saa nzima. Na kama kitu chenyewe kinadai muda, "lleva tiempo". Hapo nomino imerudi, lakini imerudi kwa sababu ina kazi.

Ajira nayo ina mifano yake. Ovataimu ni "horas extra", ratiba ni "horario", tarehe ya mwisho ya kuwasilisha kazi inaangukia kwenye "plazo". Anayetumikia kifungo, ambaye Kiingereza cha mtaani husema anafanya "time", kwa Kihispania "cumple condena". Saa za eneo fulani la dunia ni "huso horario". Ukihesabu, mambo mangapi hapo yana "tiempo"? Hakuna.

Jaribuni sentensi hii: "By the time the doctor arrived, the patient had asked three times what time it was." Kiingereza kimetumia neno letu mara tatu katika sentensi moja. Kihispania: "Para cuando llegó el médico, el paciente había preguntado tres veces qué hora era." Halipo "tiempo" hata moja. Na Kiswahili: hadi daktari anafika, mgonjwa alikuwa ameuliza mara tatu ni saa ngapi. Halipo neno wakati wala muda. Aliyeanza kwa kuandika Kiswahili chake pembeni alikuwa amekwisha kuimaliza kazi kabla ya kugusa kamusi.

Kwa zama na enzi nitapita haraka. "In Cervantes' time" ni "en la época de Cervantes" au "en tiempos de Cervantes"; angalieni wingi huo wa "tiempos", unalingana na nyakati zetu. Kipindi kifupi kisichopimwa, kile tunachokiita kitambo kidogo, ni "un rato". Nawaomba mkikariri hicho, kwa sababu wanafunzi wengi huandika "un tiempo corto" na kuonekana kama wanaandika maelezo ya dawa.

Limebaki jambo la mwisho, nalo haliko kwenye Kiingereza bali ndani ya Kihispania chenyewe. Lugha hii ni rasmi katika nchi 20, kuanzia Uhispania hadi Guinea ya Ikweta katika bara letu na nyingi za Amerika, na maneno yake ya wakati hayako sawa kila mahali. Neno "ahora", sasa, limetokana na maneno ya Kilatini yaliyomaanisha "katika saa hii". Lifanye dogo, "ahorita", na mambo yanavurugika: Mexico linaweza kuwa sasa hivi au baada ya muda ambao hakuna anayekuahidi urefu wake, na katika visiwa vya Karibiani kama Puerto Rico mara nyingi ni baadaye. "Luego" kwa kawaida ni baadaye, lakini Wamexico wakilirudia, "luego luego", limekuwa papo hapo. Hakuna kamusi ya mfukoni itakayokuambia hayo.

Kisha kuna "hasta". Hili lazima nilisemee, maana ni ndugu yetu wa damu. Waarabu walikaa katika rasi ya Iberia kuanzia mwaka 711, na utawala wa mwisho wa Kiislamu huko Granada ulianguka mwaka 1492. Katika karne hizo neno lao "hatta" liliingia Kihispania likawa "hasta". Neno hilohilo lilifika pwani yetu likawa "hata". Ndiyo maana "hasta los niños lo saben" ni hata watoto wanalijua, bila kubadilisha chochote. Na Kiswahili cha zamani kilipouliza "hata lini?", kilikuwa kinasema "¿hasta cuándo?", mpaka lini. Matumizi hayo ya "hata" kwa maana ya mpaka yamefifia kwetu. Kwa Kihispania ndiyo maana kuu.

Lakini ndugu huyu ana tabia mbili. Tuseme umeletewa tangazo la maneno sita: "La oficina abre hasta las diez." Mhispania wa Madrid atasoma kwamba ofisi iko wazi mpaka saa nne. Msomaji wa Mexico anaweza kusoma kinyume chake, kwamba haifunguliwi mpaka ifike saa nne, kwa kuwa huko "hasta" hutaja pia jambo linapoanzia. Matumizi hayo yanasikika pia Amerika ya Kati na sehemu za Colombia na Ecuador. Maneno ni yaleyale, tahajia ni ileile, na mmoja wa wasomaji wako atakuta mlango umefungwa. Kiswahili hakitakuokoa hapo, wala Kiingereza. Muulize aliyekupa kazi: maandishi haya yameandikwa wapi, na yatasomwa na nani? Akikosa jibu, mshauri aandike saa ya kufungua na saa ya kufunga, "de ocho a diez", na "hasta" ipumzike.

Nashukuru kwa kunisikiliza. Mwenye swali anyooshe mkono, na mwenye sentensi iliyomshinda ailete tuione hapa ubaoni.